Barua ya wazi kwa wasimamizi wa chakula na dawa: semeni wazi kwamba dhahabu ya kuliwa si dawa

Waheshimiwa wakuu wa mamlaka za chakula, dawa na viwango,

Yah: Madai ya tiba yanayouzwa pamoja na dhahabu ya kuliwa

Napamba keki, ndiyo kazi inayonilisha. Miongoni mwa vitu ninavyoviweka juu ya keki za harusi ni jani la dhahabu, lile jembamba linalotolewa kwenye kijitabu chake kwa kibano na kubandikwa kwa brashi kavu, maana ukiligusa kwa kidole linaganda kwenye ngozi na kukunjamana lisitamanike tena. Nalisema hili mapema mjue maslahi yangu yako wapi. Sina ugomvi na dhahabu juu ya chakula, inaniingizia pesa. Ugomvi wangu ni na maneno yanayouzwa pamoja nayo siku hizi, na ukimya wenu juu ya maneno hayo.

Zamani mteja aliuliza jambo moja tu: hiki kitu kinaliwa kweli? Sasa anauliza kinasaidia nini. Ameshasoma kwamba dhahabu inaondoa maumivu ya viungo, inatuliza akili, inasafisha damu, inachelewesha uzee, inang'arisha ngozi kuanzia ndani. Wapo wanaotaka kipande cha bibi mwenye baridi yabisi kiongezewe majani mawili matatu. Nikisema haisaidii kitu, natazamwa kama fundi asiyeijua bidhaa yake. Muuzaji wa jumla ameandika vingine kwenye tangazo lake, tena kwa herufi kubwa, mimi ni nani hata nimpinge? Hapo ndipo neno lenu linapohitajika, kwa kuwa langu halina muhuri.

Mnayajua haya kuliko mimi, lakini niyaseme kwa ajili ya watakaoisoma barua hii pamoja nanyi. Dhahabu safi ni metali isiyotaka ushirika na chochote. Haishiki kutu, haichachuki, na asidi ya hidrokloriki iliyomo tumboni mwetu haiigusi. Mafundi wa madini wakitaka kuiyeyusha huchanganya asidi hiyo na ya nitriki, na hakuna tumbo linalotengeneza mchanganyiko huo. Kisichoyeyuka hakifyonzwi. Jani linaingia likiwa dhahabu na kutoka likiwa dhahabu, bila kuacha kitu njiani. Kama kuna aliyenufaika na chakula hicho, basi ni bomba la maji taka.

Tena mwili wenyewe hauihitaji. Chuma kina kazi yake kwenye damu, ayodini kwenye tezi ya shingoni, zinki na hata shaba vina kazi kwa viwango vidogo, na mtu akivikosa anaugua ugonjwa wenye jina na vipimo. Upungufu wa dhahabu haujawahi kumuuguza mtu yeyote. Wauzaji hupenda kusema kwamba mwili wa mtu mzima una dhahabu ndani yake, na ni kweli, upo uchembe usiofika hata miligramu 1. Lakini mwili huokota kila kilichomo katika udongo, maji na chakula, pamoja na risasi na aseniki, na sijamwona anayetuuzia risasi kwa hoja hiyo.

Halafu kuna suala la kiasi. Jani la kawaida la sentimita 8 kwa 8 lina unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukizidisha na uzito wa dhahabu, gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, unapata miligramu 12 hivi. Gramu 1 inatoa majani themanini. Kipande kimoja cha keki kinapata robo ya jani, pengine pungufu, na nusu ya hiyo inabaki kwenye uma. Hata tungekuwa tunazungumzia dawa yenye nguvu, nani anaandika dozi kwa mtindo huu?

Mtaniuliza: kama mambo yako wazi hivi, mbona madai hayafi? Hayafi kwa sababu yamejifunika nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayostahili muda wenu. Mwaka 1890 Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alieleza kwamba kampaundi za dhahabu na sianidi zinazuia kijidudu hicho kukua katika maabara. Madaktari wakaanza kuwapa wagonjwa dhahabu. Mwaka 1929 Mfaransa Jacques Forestier akaripoti kwamba chumvi za dhahabu zinawasaidia wenye baridi yabisi, na kuanzia hapo maelfu ya wagonjwa walichomwa sindano za dhahabu kwa miongo mingi. Mwaka 1985 Marekani ikaidhinisha auranofini, dhahabu ya kumeza kwa kidonge. Hakuna uzushi katika hayo. Zilikuwa dawa halali, na wapo waliopata nafuu kwazo.

Ila dhahabu ya sindano na ya kidonge si ile ya kwenye keki. Ya sindano na kidonge imefungwa na salfa katika molekuli moja, na kwa umbo hilo ndipo inapoweza kuingia kwenye damu. Chumvi ya mezani ina klorini ndani yake, lakini hakuna anayevuta gesi ya klorini akasema amekula chumvi. Na dhahabu ile iliyofanya kazi ilitoza gharama yake: vipele, vidonda vya mdomoni, protini kwenye mkojo, chembe za damu kupungua. Ndiyo maana wagonjwa walipimwa damu na mkojo mara kwa mara muda wote wa matibabu, na ndiyo maana methotreksati, dawa nyingine ya baridi yabisi, na dawa zilizofuata zikachukua nafasi yake kwa sehemu kubwa. Muuzaji wa majani anaiazima heshima ya dawa ile, lakini orodha ya madhara anaiacha hukohuko hospitalini.

Yupo pia Diane de Poitiers, mwanamke wa jumba la kifalme la Ufaransa aliyefariki mwaka 1566, akisifiwa kwa uzuri usiochakaa. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa waliochunguza mabaki yake walieleza kwamba nywele zake zilikuwa na dhahabu nyingi kupita kiasi, na wakahusisha hilo na kinywaji cha kloridi ya dhahabu alichokuwa akinywa ili asizeeke. Walidhani huenda dhahabu hiyo ndiyo iliyomdhuru. Matangazo mengine yanamtaja mama huyu kama shahidi wa urembo. Sijui kama walioyaandika waliisoma habari yake mpaka mwisho.

Kwa hiyo muuzaji achague upande. Ama dhahabu yake haiyeyuki wala haifyonzwi, na hapo ni salama lakini haitibu. Ama inaingia mwilini na kufanya kazi, na hapo ni dawa: ijaribiwe, isajiliwe, iandikiwe dozi, ionywe madhara yake. Hawezi kuchukua usalama wa ile ya kwanza na tiba ya ile ya pili, akavitia kwenye kopo moja na kutuwekea bei. Hoja hii ni nyepesi, haihitaji maabara mpya wala bajeti, na nashangaa kwa nini hakuna mamlaka inayoitangaza kwa lugha ambayo mteja wangu ataielewa.

Badala yake kilichoko sokoni ni namba. Ulaya imeipa dhahabu namba E175, na wauzaji wa kila pembe ya dunia wanaiandika kwenye pakiti kana kwamba ni cheti cha tiba. E175 ni namba ya rangi. Inakaa kwenye kundi moja na manjano na rangi ya kiazi chekundu. Kanuni za Ulaya zinairuhusu kupaka nje ya peremende, kupamba chokoleti na kuelea ndani ya pombe tamu, na zinataka iwe dhahabu kwa asilimia 90 au zaidi, fedha isizidi asilimia 7 na shaba isizidi 4. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliipitia upya na kueleza kwamba takwimu zilizopo hazitoshi kukamilisha tathmini, ingawa kwa kuwa dhahabu haiyeyuki haikutarajia madhara makubwa, na ikapendekeza vipimo vya ubora vitaje pia ukubwa wa chembe zake. Soma hapo utafute neno linalosema inaponya. Kwenye orodha ya madai ya afya yaliyoruhusiwa Ulaya, dhahabu haimo. Marekani nayo haijaiweka miongoni mwa rangi zilizoidhinishwa kwa chakula. Ndiyo hali ilivyo kwa wasimamizi wawili wakubwa: mmoja ameiruhusu kama pambo, mwingine hajaiorodhesha kabisa, na hakuna aliyeiita lishe.

Nisingeandika barua ndefu kama madai haya yangekuwa yanaishia kwenye majani. Anayekula jani halisi amepoteza pesa tu, na pesa ni zake. Tatizo ni kwamba aliyeaminishwa kuwa dhahabu ni afya haishii kwenye jani. Jani ni ghali na linasumbua kulishika. Anahamia kwenye poda ya kung'aa, kwa sababu ni rahisi, inanyunyizwa kwa wingi, na kopo limeandikwa dhahabu. Na humo mara nyingi hakuna dhahabu hata chembe.

Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto 6 walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa. Keki ilikuwa imepambwa kwa poda ya rangi ya dhahabu ya waridi. Wachunguzi walipoipima wakakuta kwamba poda ile ilikuwa unga laini wa shaba. Mwaka uliofuata, huko Missouri, mtoto wa mwaka 1 alikutwa na risasi kwenye damu, na chanzo kikafuatiliwa hadi poda ya kupambia keki ambayo robo ya uzito wake ilikuwa risasi. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilizichapisha kesi hizo mbili pamoja mwaka 2021. Ninazisoma kila mara ninapofungua kopo jipya, kwa sababu waliozitengeneza keki zile walikuwa watu kama mimi, na hakuna aliyekusudia mabaya. Walinunua kitu kwenye rafu ya vifaa vya keki.

Kwenye kopo la namna hiyo mara nyingi pameandikwa kwamba haina sumu, au kwamba ni ya mapambo tu. Mnunuzi anaelewa: basi inaliwa. Ninyi mnaelewa: haikuidhinishwa kuliwa, ila mtu akiramba kidogo kwa bahati mbaya hatakufa. Kati ya maana hizo mbili ndipo watoto wanapougua. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imewahi kuwaonya waokaji kuhusu tofauti hiyo, na ikawashauri watafute kwenye lebo orodha ya viambato, kwani bidhaa ya kuliwa kwa kawaida huwa nayo. Ushauri mzuri, lakini umewekwa kwenye mabega ya mwokaji na mlaji. Kwa nini poda isiyoliwa iruhusiwe kukaa rafu moja na sukari ya kupambia?

Yapo pia majani bandia, ya shaba na zinki, ambayo mafundi wa fremu na samani huyatumia kwa haki kabisa. Kwa macho, chini ya taa ya duka, hata mimi ningebabaika. Na hata poda zilizotengenezwa kwa ajili ya kuliwa, mng'ao wake mwingi ulitoka kwenye madini ya mika yaliyopakwa dioksidi ya titani, rangi ambayo Ulaya iliipiga marufuku kwenye chakula mwaka 2022 baada ya wataalamu wake kushindwa kuthibitisha kwamba haiharibu vinasaba. Sehemu nyingine bado inaruhusiwa. Mlaji anayetafuta uponyaji kwenye mng'ao hajui analipia mng'ao wa nini.

Kuna bidhaa moja inayonitisha kuliko zote, nayo si ya keki. Ni vichupa vya maji mekundu vinavyouzwa kama dhahabu ya koloidi, yaani chembe ndogo mno za dhahabu zinazoelea majini, matone kadhaa asubuhi, kwa ajili ya kumbukumbu na viungo. Rangi hiyo nyekundu si uongo. Michael Faraday aliitengeneza na kuieleza mwaka 1857. Dhahabu ikivunjwa kuwa chembe ndogo mno haina tena rangi ya njano, na haina tena tabia zilezile. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba chembe za ukubwa huo zinaweza kufika kwenye viungo kama ini na wengu. Hapa hoja ya kwamba dhahabu inapita tu haina nguvu kama ilivyo kwenye jani, na ndiyo maana ukubwa wa chembe si jambo la kuachiwa wanakemia peke yao. Mlishafanya kazi kama hii kwa ndugu yake: mwaka 1999 Marekani iliamua kwamba dawa za fedha ya koloidi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kufaa, maana watu walikuwa wakigeuka rangi ya ngozi kuwa kijivu cha buluu, isitoke tena maisha yao yote. Dhahabu nayo ilishawahi kuwabadili rangi ya ngozi baadhi ya waliochomwa sindano zake kwa muda mrefu. Mnasubiri nini?

(Niitendee dhahabu haki kidogo. Ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria na vya ujauzito ni chembe hizihizi za dhahabu. Inaokoa maisha ya watu wengi ikiwa imekaa kwenye kipande cha plastiki, bila kumezwa na yeyote.)

Najua mtapata barua za upande mwingine. Watasema tiba za jadi za Kihindi zimetumia majivu ya dhahabu kwa karne nyingi. Sawa, lakini majivu yale huchomwa na kusagwa na mimea mara nyingi mpaka dhahabu inakuwa unga mwororo mno, na mganga ndiye anayeyatoa kwa kipimo. Anayetaka kuyatetea ayalete yapimwe kwa jina lake, asiyatumie kutetea jani la keki. Watasema pia mtu na pesa zake aachwe. Hapo niko nao bega kwa bega. Anasa haihitaji ruhusa ya daktari. Anayetaka kula dhahabu kwa sababu inapendeza na majirani watazungumza, karibu, kaunta iko wazi. Chema chajiuza, na jani la dhahabu juu ya keki nyeusi ya chokoleti linajiuza vizuri sana bila kusingiziwa uganga.

Ninachoomba kwenu kwanza kabisa ni sentensi. Tangazeni kwa jina la mamlaka yenu, si kwenye kiambatisho cha ukurasa wa mia, kwamba dhahabu ya kuliwa haina faida yoyote ya lishe wala ya tiba inayojulikana, na kwamba E175 ni namba ya rangi. Kisha mlazimishe kila anayedai inaponya ailete kwenye dirisha la dawa na ushahidi wake, au afute tangazo. Kwa makampuni makubwa pengine mlishafanya hivyo. Hawa ninaowasema ni wauzaji wa mtandaoni wanaobadili jina kila mwezi, na kwao barua ya onyo haina maana kama masoko ya mtandaoni yenyewe hayawajibiki kuondoa bidhaa.

Kwenye lebo, jani liseme karati zake na metali nyingine iliyochanganywa nayo, kwa sababu kuna wenye mzio. Poda iseme kila kilichomo, na ile isiyoliwa iandikwe USILE upande wa mbele, kwa herufi zinazolingana na zile zilizoandika dhahabu. Dhahabu yoyote iliyosagwa au iliyo katika maji itaje ukubwa wa chembe zake. Maneno ya kwamba haina sumu yaondolewe kabisa kwenye vifaa vya keki. Hayajamsaidia mtu yeyote isipokuwa mwenye kiwanda.

Na nunueni makopo, myapime. Sisemi mngoje malalamiko, maana mtoto aliyetapika usiku wa siku yake ya kuzaliwa hupewa maji ya chumvi na sukari, na hakuna anayewaza kuhusu keki. Kama kuna miongoni mwenu aliyekwisha kuzipima poda zilizoko sokoni, chapisheni matokeo kwa majina ya bidhaa hata kabla ya tamko na kanuni kukamilika. Kanuni huchukua miaka. Sisi wapambaji tunaagiza mzigo mpya wiki hii, na orodha ya makopo ya kutupa inatufaa leo.

Natanguliza shukrani.

Wenu,
Mpambaji wa keki